Barua ya kaunti, barua ya shirika, barua ya duka: uandike ipi unapoomba kazi?

Nafasi ya karani wa hesabu inaweza kutokea mahali patatu kwa wakati mmoja: kwenye bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, kwenye shirika lisilo la kiserikali lenye ofisi Milimani hapa Kisumu, na kwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Nakuru. Cheo ni kimoja na vyeti vinavyotakikana havitofautiani sana. Mwombaji huja hapa saiba, kwenye duka la kompyuta ninakofanya kazi, akafungua barua aliyoiandika mwaka jana, akabadilisha jina la mwajiri na tarehe, akachapisha nakala tatu na kwenda zake. Barua za namna hiyo nazichapa na kuziskani kila siku, na kabla ya hapo nilifanya kazi katika ofisi ya uajiri, ambako nilikuwa mmoja wa waliozifungua. Nimeziona zikitoka na nimeziona zikiingia. Barua moja haiwatoshi wasomaji hao watatu, kwa sababu kila mmoja anaitumia kwa kazi tofauti.

Kwa hiyo kabla hujauliza barua iandikweje, jiulize nani ataifungua na anatafuta nini ndani yake. Hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Tumchukue mwombaji mmoja tumpitishe kote kutatu. Ni dada wa Butere mwenye diploma ya uhasibu. Alifanya mafunzo ya nyanjani kwenye Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wakulima wa miwa, na kwa miaka miwili sasa anaweka hesabu za agrovet (duka la pembejeo za kilimo) moja mjini Mumias. Mifano nitaitoa kwa Kiswahili. Matangazo yetu mengi hutoka kwa Kiingereza, na ni vyema ulijibu tangazo kwa lugha liliyoandikiwa, lakini mpangilio ninaousema haubadiliki.

Kaunti: barua ya kutimiza masharti

Bodi za utumishi wa umma za kaunti zinafanya kazi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na zinajua kwamba uamuzi wao unaweza kupingwa mahakamani. Jambo hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu namna barua yako inavyosomwa. Kwa kawaida mtu wa kwanza kuigusa si mwenyekiti wa bodi wala mkuu wa idara. Ni karani wa sekretarieti mwenye rundo mbele yake na orodha ya masharti kama yalivyotangazwa. Anaangalia: diploma ipo? Miaka ya tajriba imefika? Nambari ya tangazo imetajwa? Asichokiona hakiandiki, na kile ambacho hakikuandikwa bodi haiwezi kukihesabu hata kama ungekuwa mhasibu bora katika eneo zima la magharibi.

Hapa basi ile barua rasmi tuliyofundishwa shuleni ndiyo mahali pake. Anwani yako juu kulia pamoja na tarehe. Anwani ya katibu wa bodi kushoto, na msimbo wa posta uwe sahihi, 50100 kwa Kakamega, 40100 kwa Kisumu, 20100 kwa Nakuru. Kisha MINTARAFU, ule mstari wa kichwa cha barua, yenye jina la nafasi neno kwa neno na nambari ya tangazo. Mwili wa barua ya dada yetu unaweza kuwa hivi:

*"Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Nina Diploma ya Uhasibu na tajriba ya miaka miwili ya kuweka hesabu, kama tangazo linavyohitaji. Kwa sasa mimi ni karani wa hesabu katika duka la pembejeo mjini Mumias. Nimeambatisha wasifukazi, nakala za vyeti vya masomo, nakala ya kitambulisho na fomu ya maombi iliyojazwa."*

Ni kavu, na ndivyo inavyotakiwa. Wako wanaokuja wakiona haya kwa barua fupi hivi, wanataka niwasaidie kuongeza aya mbili za kusifu uongozi wa kaunti. Nawakatalia. Sifa hizo hazina mahali pa kuandikwa kwenye orodha ya karani, na zinamchelewesha kufika kwenye diploma yako.

Jambo la pili ni watu. Matangazo ya kaunti huonya kwamba kutafuta ushawishi wa aina yoyote kutakuondoa kwenye kinyang'anyiro. Kwa hiyo jina la mheshimiwa diwani, la chifu au la mjomba aliye afisini lisionekane kwenye barua hata kama ndiye aliyekuonyesha tangazo. Ukitaka kutaja watu, kuna nafasi ya warejelewa, watu wanaoweza kukutolea ushuhuda, kwenye wasifukazi (CV), na hiyo inatosha.

Kuna pia wanaokata tamaa mapema kwa kudhani kaunti fulani haiwezi kumwajiri mtu wa jamii nyingine. Kifungu cha 65 cha sheria ile niliyoitaja kinaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Mwana wa Bungoma ana haki ya kuomba Nakuru, na wa Nakuru ana haki ya kuomba Siaya. Vivyo hivyo, Katiba katika kifungu cha 54 inalenga angalau asilimia tano ya nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa ziwe za watu wenye ulemavu. Mambo haya yanajazwa kwenye fomu na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Usiyafanye maombi ya huruma ndani ya barua.

Halafu kuna zile stakabadhi za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu: ya KRA (mamlaka ya ushuru), ya HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na ripoti ya CRB (kumbukumbu za mikopo yako). Matangazo mengine huzitaka zote siku ya kuomba, mengine huzitaka kwa atakayefaulu tu. Soma tangazo mpaka mwisho kabla hujatoa hata shilingi. Nimewaona vijana wakikopa pesa za nauli na ada kuzitafuta, na tangazo lenyewe halikuzihitaji wakati ule.

Shirika: barua ya ushahidi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo barua ina uzito wake kamili, na ndipo wengi huanguka wakiwa na kila kitu cha kuwafaulisha.

Kisumu na miji ya jirani ina mashirika mengi na miradi ya utafiti, ya afya, ya maji, ya kilimo. Katika ofisi kama hizo barua yako mara nyingi itamfikia mtu atakayefanya kazi nawe, tuseme meneja wa fedha. Huyu hana orodha ya kutia alama tu. Ana swali: huyu mtu nikimpa hesabu zangu nitalala usingizi? Mradi wake unalipwa na mfadhili, mfadhili hutuma mkaguzi, na mkaguzi akifika kila shilingi lazima iwe na risiti yake. Barua inayojibu hofu hiyo itasomwa mara mbili.

Sasa tazama aya hii, ambayo nimeichapa kwa sura nyingi:

*"Mimi ni mtu mwenye bidii, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na bila kusimamiwa kwa karibu."*

Hakuna uongo hapo, lakini ukiifunika saini huwezi kujua imeandikwa na nani. Mhasibu, dereva, mpishi na muuguzi wote wanaweza kuitia sahihi. Meneja hana hata neno moja la kushika. Niliketi na yule dada wa Butere nikamwomba asinieleze alivyo, anieleze tu jambo moja alilolikuta limeharibika pale agrovet na alilolifanya. Tukatoka na hii:

*"Nilipoanza kazi, mauzo ya M-Pesa na ya pesa taslimu yaliandikwa kwenye daftari moja, na kila mwisho wa mwezi hesabu zilikataa kulingana. Nilitenganisha rekodi hizo mbili, nikaanza kulinganisha taarifa ya M-Pesa na risiti zetu kila jioni kabla ya kufunga. Siku hizi tofauti ikitokea tunaijua siku hiyohiyo, na aliyehudumia mteja bado yupo wa kuulizwa."*

Neno "mwaminifu" halimo, na hata hivyo uaminifu unaonekana. Bidii haikutajwa, lakini kila jioni kabla ya kufunga ni bidii. Na kipande kile cha mwisho, kwamba aliyehudumia mteja bado yupo wa kuulizwa, hakiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na hesabu iliyokataa. Meneja wa fedha atamtambua mwenzake papo hapo.

Aya moja ya namna hiyo inatosha, mbili zikizidi. Chagua tukio linalogusa jukumu ambalo tangazo limelitaja: kama wanataka mtu wa kulipa madai ya safari za wafanyakazi, toa tukio la risiti na malipo, usitoe la kuhesabu stoo. Ukiwa na takwimu za kweli ziweke. Usibuni, kwa sababu kwenye mahojiano watakuuliza ulizipataje.

Kuhusu kulisifu shirika: "shirika lenu linaloheshimika kimataifa" linaandikwa na kila mwombaji. Badala yake taja jambo moja wanalofanya na mahali unapokutana nalo. Ikiwa wanafanya kazi na vikundi vya wakulima, dada yetu anaweza kusema kwamba wateja wake wa mkopo pale agrovet ni wakulima wa vikundi, na anajua mavuno yakichelewa madeni hufuata njia gani. Sentensi moja tu, kisha aendelee.

Mashirika hutaka pia mambo ambayo kaunti haiulizi: mshahara unaoutarajia na siku utakayoweza kuanza. Mshahara utaje pale tu tangazo linapouliza. Kuhusu siku ya kuanza, kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inakutaka kutoa ilani ya maandishi ya siku 28 isipokuwa mkataba wako una muda mrefu zaidi. Kuandika "naweza kuanza baada ya ilani ya siku 28" kunamwonyesha mwajiri mpya kwamba hata yeye hutamtoroka usiku.

Nami lazima niseme kuhusu barua za akili unde (AI), kwa kuwa sasa zinaingia kwa wingi na nyingi huelekezwa kwa mashirika. Sipingi kuitumia kusahihisha lugha. Inasaidia sana mtu aliyeacha kuandika Kiingereza tangu KCSE. Lakini ukiiambia tu "niandikie barua ya karani wa hesabu", itakupa ile aya ya bidii na uaminifu kwa maneno makubwa zaidi, na jirani yako kwenye kompyuta ya pili atapata pacha wake. Andika kwanza tukio lako kwa mkono wako, hata kama sarufi inayumba. Ukishaliandika, programu ikunyooshee sentensi, na uisome tena uhakikishe haikukupa cheo ambacho hukuwahi kushika.

Duka, hoteli, karakana: barua ya mtu mwenye simu mkononi

Mwenye duka Nakuru anaisoma barua yako kwenye simu, amesimama, huku lori la saruji linashushwa mzigo. Barua rasmi ya ukurasa mzima ikija kama kiambatisho ataiacha afungue baadaye, na baadaye hiyo huenda isifike. Kwake yeye andika barua yenyewe ndani ya barua pepe au ujumbe wa WhatsApp, sentensi tano au sita, wasifukazi pekee ndio uambatishwe.

*"Habari za asubuhi Bi. Meneja. Mhasibu wenu wa tawi la Section 58 alinieleza kwamba mnatafuta karani wa hesabu, akaniruhusu nimtaje. Nina diploma ya uhasibu na kwa miaka miwili nimeweka hesabu za agrovet Mumias: mauzo, madeni ya wateja, stoo na malipo ya M-Pesa. Nina dada yangu anayeishi Kiamunyi nitakayekaa kwake, kwa hiyo kuhamia Nakuru si tatizo. Naweza kuanza baada ya ilani ya siku 28, na nikihitajika kwa mahojiano naweza kufika siku yoyote wiki ijayo. Wasifukazi wangu umeambatishwa."*

Ona tofauti na kaunti. Jina la mtu, ambalo kule ni hatari, hapa ndilo linalofungua mlango, mradi umemwomba ruhusa. Na suala la makao, ambalo bodi ya kaunti haina haja nalo, kwa mwenye duka ni kubwa: amewahi kuajiri watu wa mbali wakaondoka mwezi wa pili kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mwambie utakaa wapi kabla hajajiuliza.

Biashara nyingi za aina hii hazitangazi nafasi. Barua ya kubisha hodi, isiyojibu tangazo lolote, inafanya kazi hapa kuliko mahali pengine. Pita mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajajaa, muulize mlinzi au dada wa mapokezi jina la anayehusika na wafanyakazi, kisha barua iende kwa jina hilo. Kwa kaunti usijisumbue. Bila nambari ya tangazo hakuna faili la kuiweka. Kwa shirika inaweza kukupatia uanagenzi, mara chache kazi kamili.

Kampuni kubwa, yaani benki, viwanda vya sukari, mashamba ya maua ya Naivasha, zisikudanganye kwa kuwa ni za binafsi. Zina idara ya wafanyakazi na mara nyingi tovuti ya kupokea maombi. Zipelekee barua ya ushahidi, ila ifupishe iwe nusu ukurasa.

Shule

Walimu wanaoomba nafasi za muda zinazotolewa na bodi ya usimamizi ya shule wako katikati. Barua huelekezwa kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa yeye ndiye katibu wa bodi hiyo. Nambari ya usajili ya TSC (tume ya huduma za walimu) na masomo yako mawili yaingie kwenye sentensi ya kwanza. Mtu hawezi kuajiriwa kufundisha bila usajili, kwa hiyo hilo ndilo litakaloangaliwa kabla ya yote. Ongeza unachoweza kusimamia nje ya darasa, mpira wa wavu, drama, kwaya. Shule zingine bado hupenda barua ya hati ya mkono, na ukiipeleka mwenyewe wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa utapata hata dakika za kuzungumza na mwalimu mkuu.

Tangazo lisipojieleza

Tangazo lenye nambari, daraja la mshahara na orodha ya stakabadhi za serikali linataka barua ya masharti, hata kama aliyelitoa si kaunti. Tangazo linaloeleza majukumu kwa urefu na kutaja mradi linataka ushahidi. Lililo na nambari ya simu tu linataka ufupi. Na lile linalotaka utume pesa za "kukata fomu" au za uchunguzi wa daktari kabla ya kukuona halitaki barua yoyote; liache. Kama ni wakala anayejitambulisha kuwa anatafutia watu kazi, angalia kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Ukiwa na jioni moja tu na nafasi mbili au tatu mbele yako, ushauri wangu ni uanze na barua ya shirika. Ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inakulazimisha ukumbuke ulichokifanya kweli, na ukishaipata, kuikausha iwe ya kaunti ni kazi ya dakika chache, na kuchota sentensi tano za mwenye duka ni rahisi zaidi. Aliyeanza na ile ya kaunti hana cha kuchota, atarudi kwenye bidii na uaminifu.

Kwenye kutuma, fuata tangazo hata likitaka jambo lisilo la kawaida. Wakisema kila kitu kiwe faili moja la PDF, usitume picha saba za simu zenye kivuli cha mkono wako. Faili lipewe jina lako na jina la nafasi, lisiitwe "barua mpya mpya 2". Wakitaka bahasha, jina la nafasi na nambari yake viandikwe juu, upande wa kushoto. Soma jina la mwajiri kwa sauti kabla ya kutuma. Barua ya hoteli ya Kisumu iliyobaki na jina la kampuni ya Nakuru kwenye aya ya mwisho ni jambo ambalo bado nalikuta. Na ukimaliza hapa saiba, toka kwenye akaunti yako ya barua pepe, kisha futa wasifukazi na nakala ya kitambulisho kwenye kompyuta, pamoja na zile zilizobaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kabla mteja anayefuata hajaketi.